Gia ya Tatu, Kawetere

Jumapili, ikishapita saa nane mchana,
gari binafsi barabarani lilikuwa kosa.
Mafuta hayakuwepo, na nchi ilikuwa imetoka vitani.
Ndivyo baba alivyojifunza injini:
alikatazwa kuendesha, akafungua.

Datsun rangi ya ugoro, nyuma ya nyumba za walimu, Isanga,
boneti imeegemezwa kwa mpini wa jembe.
Mshika tochi ni mimi.
Miaka tisa, sweta la shule, kamasi za Julai,
na mkono umeamriwa usitetemeke.

"Kabureta hii ilizaliwa pwani," alisema Mwalimu Ambakisye.
"Huku kwetu hewa nyepesi, yenyewe inakunywa vilevile,
kama mgeni asiyejua harusi ina watu wangapi."
Akaziba tundu la jeti kwa tone la risasi,
akalitoboa upya, jembamba zaidi, kwa sindano ya mama.
Mama aliitafuta sindano ile hadi Krismasi.
Pengo la pointi alilipima kwa nyembe tano zilizobanwa pamoja.
Silinda hedi aliisugua juu ya kioo cha dirisha
kwa msasa, ikichora nane, nane, nane,
siku kumi na moja,
kisha akamimina mafuta ya taa kwa bomba la sindano la zahanati
na kukokotoa ujazo kwa chaki, sakafuni,
hesabu ileile aliyowafundisha kidato cha tatu, wakalala.

Mtihani ulikuwa mmoja: mlima Kawetere, njia ya Chunya,
gia ya tatu mpaka juu, bila kurudi ya pili.
Kwenye daftari la jalada gumu aliandika kwa penseli:
Aprili 83. Dk 19. Kona ya saba imekohoa.
Juni 84. Dk 17. Ukungu. Mke wangu kacheka kona ya nne.

Halafu meli zikaleta Japani nzima.
Mdogo wangu Anyimike hakukwangua kitu;
aling'oa injini, akapachika nyingine, ya mtumba, yenye tabo,
bado ina vumbi la ajali ya mtu tusiyemjua.
Ekzosi akaikata. Mafiati nzima ilijua saa anayorudi nyumbani,
mbwa wakajua, na mchungaji.
Baba aliuliza tu, "Umeifungua ndani?"
"Ya nini, baba? Si inakwenda?"
Baba akainuka. Chai yake ilibaki kibarazani, ikapoa.

Sasa ni zamu ya Lusajo wangu.
Baba alinawa baada ya kazi, kwa sabuni ya mche na mchanga.
Lusajo hunawa kabla.
Waya mmoja chini ya usukani, laptopu mapajani,
anapandisha tarakimu, anashusha,
anaonja kama mtu anayetia chumvi.
Nilimwuliza habari ya hewa nyepesi.
"Kuna sensa, mama. Gari lenyewe linajua liko juu kiasi gani."
Nikanyamaza. Linajua.

Jumamosi alinipakia. Kawetere, lami tupu,
daftari mikononi mwangu,
laptopu kiti cha nyuma ikichora mistari yake.
Dakika saba. Tulifika juu masikio yangu yakiwa bado Isanga.
Kikohozi sikukisikia, kwa kuwa hakikuwepo,
ila kona ya saba nilikuwa nimeshajiandaa,
shingo imekaza kama ya baba.

"Kona ya nne ulikuwa unacheka nini?" aliuliza, akizima.
Sikujua kama nimecheka.
Nikaanza kutafuta penseli kwenye mkoba.
Yeye alikuwa ameinamia grafu:
pale kona ya nne mstari umelegea kidogo,
na anajaribu kukumbuka
kwa nini aliachia mguu.